Mkutano wa Alhamisi na Buibui wa Miguu Sita

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, kompyuta ikiwa bado inajinyoosha, mama mkwe alikuwa ameshakaa. Kiti chake cha plastiki kilikuwa na mto, kikapu cha nyuzi kilikuwa miguuni, miwani ilining'inia kifuani kwa kamba, na chai alikuwa ameifunika kwa kisahani isije ikapoa kabla mambo hayajanoga. Asiyejua angedhani anasubiri mchezo wa redio. Kumbe anasubiri mkutano wa kazi wa mke wa mwanawe.

“Leo Kwa Ufupi yupo?” aliuliza.

“Yupo, Mama.”

“Haya, piga kengele tuanze.”

Mke wa mwanawe akapiga kengele. Ilikuwa kengele ndogo ya shaba, ya kushika mkononi. Kwa miaka sita huyu dada alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno, na kazi ya kengele ilikuwa kumwita mgonjwa anayefuata, ambaye mara nyingi alijifanya hakusikia. Daktari alipostaafu alimwachia kengele hiyo kama zawadi ya kuagana. Dada akakaa nyumbani miezi tisa akitafuta kazi, na alipoipata kwenye kampuni ya vitabu vya shule, akaingia nayo: kufungua mkutano, ting, kumkatisha anayezidisha maneno, ting ting. Wenzake wakambandika jina la Dada Kengele, na likamganda mpaka nyumbani. Hata mume wake, fundi friji, alimwita hivyo anapoomba chumvi.

Kampuni yenyewe zamani ilikuwa na ofisi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Ofisi ikafungwa, kila mtu akabeba kompyuta yake kwenda kufanyia kazi kwake, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana mikutanoni kila saa kama watu waliopotezana sokoni. Ofisi ya Dada Kengele sasa ilikuwa kona ya sebule, kati ya kabati la vyombo na meza ya kupigia pasi. Nyuma yake lilining'inia pazia la kijivu alilolishona mama mkwe mwenyewe, maana alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, ili kwenye kamera paonekane pana heshima. Yeye alikaa upande wa pili wa pazia, asipoonekana lakini anaposikika vizuri kabisa. Wenzake Dada Kengele walimjua kwa sauti tu. Walimwita Mama wa Pazia.

“Kwa ufupi,” alianza mhariri, na mama mkwe akafunua chai.

Mhariri alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mwenye sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi. Hotuba zake zote zilianza na maneno hayo mawili na hakuna hata moja iliyowahi kuyatii, ndiyo maana akaitwa Kwa Ufupi. Asubuhi hiyo aliondokea kwenye sura ya mwisho ya kitabu cha sayansi cha darasa la nne, akapitia kwa mbwa wa jirani yake aliyetafuna kiatu, akazama kwenye ubora wa viatu vya zamani, kisha akarudi kwenye sura ya mwisho kwa mlango wa nyuma.

“Alitafuna cha kulia au cha kushoto?” sauti ikauliza kutoka nyuma ya pazia.

“Cha kushoto, Mama,” mhariri akajibu kwa adabu zote. “Na huyo mbwa hata haya hana.”

“Afadhali. Cha kulia ndicho kinachobeba mwendo.”

Katika kioo cha kompyuta walikuwepo wengine wawili. Mmoja alikuwa mchoraji, ambaye ndiye pia aliyepanga kurasa, mama wa mapacha wa miaka miwili. Yeye alijulikana kama Mama Pacha, na maiki yake ilikuwa haizimiki. Wakati wowote ungesikia, “Samahani, si nyinyi, namwambia huyu! Toa hiyo penseli puani!” Wa pili alikuwa msahihishaji, mwalimu mstaafu, mzee wa maneno ya kupimwa. Kamera yake haikuwahi kuonyesha uso wake. Ilionyesha feni ya dari, ikizunguka polepole, na sauti ikitoka humo.

Baada ya saa moja na dakika kumi, Dada Kengele alipiga ting ting. Ukijumlisha yote yaliyoamuliwa, lilikuwa jambo moja: sura ya mwisho, kurasa kumi na nane, ifike kiwandani kuchapwa Ijumaa saa sita mchana.

Huo ulikuwa mkutano wa Jumatatu. Kwa wiki walikuwa nayo kumi na mmoja. Kulikuwa na wa Jumanne asubuhi, kuangalia kama mpango wa Jumatatu bado ni mpango. Kulikuwa na wa Jumanne mchana, kuandaa wa Jumatano. Kulikuwa na mmoja uliobaki kwenye ratiba tangu enzi za ofisi, wa kujadili funguo za choo, na watu bado waliingia, wakasalimiana, wakatoka. Na kulikuwa na wa Alhamisi, mrefu na mzito kuliko yote. Katika huo, Mwalimu alisoma kurasa zote kwa sauti, neno kwa neno, kwa sauti yake ya darasani, na wengine wakatakiwa kufanya kila kinachosemwa kama wanafunzi. Kitabu kikisema nyoosha mkono, wananyoosha. Kikisema taja vitu vitatu vinavyoelea majini, wanataja. Ulichukua saa mbili. Mama Pacha alisema akifa, aandikwe amekufa kwa Alhamisi.

Dada Kengele ndiye aliyeipanga yote hiyo. Cheo chake kwenye mkataba kiliandikwa hivi: Mratibu wa Mikutano. Hapakuwa na neno jingine.

Kabla hajafunga kompyuta, simu iliita. Alikuwa Mkurugenzi, mwanamama ambaye maneno yake yalitoka kwa mgawo.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba. Nimekaa nimehesabu. Watu watatu, mikutano kumi na mmoja, na kitabu kimechelewa mwezi mzima. Naona mingi kati ya hiyo ingetosha barua pepe.”

“Inawezekana, Mama.”

“Sitaki inawezekana. Ijumaa saa nane mchana niletee orodha. Upi ufe, upi ubaki, na kwa nini. Amua wewe, unaijua kuliko mimi.”

“Sawa, Mama.”

“Na mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi huu. Tutauongea hapohapo.”

Simu ikakatika. Dada Kengele akabaki ameishika kama mtu aliyepewa samaki na hajui atamweka wapi.

“Nimesikia,” alisema mama mkwe. Hilo halikuwa na ubishi, alikuwa anasikia hadi majirani wakibadili mawazo. “Yaani umeambiwa ushone sanda, na vipimo vichukuliwe kwako.”

“Mama jamani!”

“Nasema uongo? Ukiua mikutano, mratibu wa mikutano anaratibu nini? Mapazia?”

Mume aliporudi kula chakula cha mchana, mikono inanuka gesi ya friji, aliona jambo lenyewe ni jepesi. “Andika yote ni muhimu. Weka maneno makubwamakubwa. Mshikamano. Tathmini endelevu. Nani atabisha na tathmini endelevu?”

“Wewe,” mama yake akamgeukia, “ukifungua friji la mtu ukakuta halina ubovu, unamwambia lina ubovu?”

Fundi friji akaitazama sahani yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

“Nakuuliza wewe, si kabeji.”

“Hapana, Mama. Namwambia ni plagi tu.”

“Basi na mwenzio mwache atazame plagi.”

Dada Kengele alicheka. Miezi ile tisa ya kukaa bila kazi hakuwa ameisahau: kuamka bila mtu anayekusubiri, kupiga pasi nguo ambazo huendi nazo popote. Kazi hii aliipenda, pamoja na mbwa wa jirani na feni ya dari. Lakini pia alikuwa amewaona wenzake saa kumi jioni, macho yamelegea, wakianza kazi ya siku wakati siku imeshakwisha. Kuwadanganya hao alishindwa hata kufikiria vizuri.

Jumanne akachukua daftari la shule, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto akaandika: Lingeandikwa. Kulia: Lisingeandikwa. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila litakalosemwa mkutanoni, ajiulize, hili mtu angeliandika kwenye barua pepe, likaeleweka, watu wakaendelea na maisha? Jibu likiwa ndiyo, jambo linakwenda kushoto.

Upande wa kushoto ulijaa kama gari la harusi. Kurasa ngapi zimekwisha: kushoto. Nani anamsubiri nani: kushoto. Mkutano wa kuandaa Jumatano ulikwenda kushoto wote, mzimamzima, pamoja na salamu zake. Kulia liliingia jambo moja tu: mhariri na Mama Pacha walibishana kama chura kwenye jalada atazame mbele au pembeni, na ubishi uliisha kwa dakika nne kwa sababu Mama Pacha aliinua karatasi, akachora chura mbele ya kamera, na mhariri akaona aibu mwenyewe. Kwa kuandikiana, chura yule angewachukua wiki mbili na urafiki.

“Huu wa Jumanne mchana usiuguse,” sauti ya nyuma ya pazia ilinong'ona, kwa namna ya kunong'ona inayosikika mpaka jikoni. “Ndio atakaomalizia habari ya mbwa.”

“Mama, hii ni kazi.”

“Na mimi nimesema ni nini? Nimeacha kushona kwa ajili yake.”

Wa Alhamisi hata haukuhitaji kufikiriwa. Katika mkutano ule hakuna mtu aliyesema jambo jipya hata moja! Kila neno lililotamkwa lilikuwa tayari limeandikwa, kwenye kurasa zilezile, mbele ya macho ya kila mtu. Kama kulikuwa na mkutano ambao tayari ni maandishi, ndio huo. Akaupigia mstari mara mbili, na kwa furaha kidogo, maana miguu yake ilikuwa inakufa ganzi kila Alhamisi.

Jioni akawatumia wote ujumbe: Jumatano na Alhamisi tunajaribu bila mkutano wowote. Kila mtu akimaliza ukurasa, aandike.

Mama Pacha alijibu kwa mstari mzima wa vijipicha vya watu wanaocheza ngoma.

Jumatano palikuwa na utulivu ambao nyumba ile haikuwahi kuusikia. Kompyuta ikawa inatoa kijisauti kidogo, barua moja, barua nyingine. Mwalimu aliandika kama anavyoandika mtu aliyefundishwa na watu waliofundishwa vizuri: anuani juu, tarehe, “Binti yangu mpendwa, natumaini barua hii itakukuta salama kama iniachavyo,” aya moja kuhusu goti lake, na kwenye mstari wa tisa, “Nukta ya ukurasa wa 97 imekaa.” Mama Pacha alimaliza kurasa sita kabla ya saa saba, akaongeza kwamba amefua.

Aliyewashangaza ni mhariri. Mtu aliyeweza kumaliza dakika arobaini juu ya kiatu, alipopewa karatasi alikauka. Kumbe alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, tena cha mkono wa kushoto. Barua yake ya kwanza ilisema: “Uk. 103 ongeza mistari miwili.” Ya pili: “Imepita.” Ya tatu: “Imepita.” Hakuna mbwa. Hakuna hata “kwa ufupi”.

Dada Kengele aliweka tiki kwenye orodha yake. Ukurasa wa 103: Mama Pacha, “Nimeongeza.” Mhariri, “Imepita.” Mwalimu, baada ya goti, “Hauna kosa la maneno.” Tiki, tiki, tiki. Ilikuwa kazi safi kiasi kwamba alianza kujionea huruma. Jaribio limefaulu, hongera, na yeye ndiye wa kwanza kutohitajika.

Mama mkwe naye alikuwa anaumwa ugonjwa usio na dawa. Saa tatu alikaa kwenye kiti chake kwa mazoea, akainuka, akakaa. Alipanga nyuzi kwa rangi, akazipanga tena kwa unene. Aliwasha redio, akaizima, akasema watu wa redio hawajui kusimulia.

“Hivi wazima?” aliuliza Alhamisi, saa tisa alasiri, akifunua pazia kabisa. “Wale watu wazima?”

“Wazima, Mama. Wanaandika.”

“Wanaandika nini? Kama sauti zao nimenyimwa, basi nionyeshe hata kazi yao. Nimewasikiliza miezi sita, sijui hata wanatengeneza nini.”

Dada Kengele akageuza kompyuta. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa 103. Mama mkwe akavaa miwani, akasogea, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, akifuata mstari kwa ncha ya sindano.

“Tazama... picha. Hesabu miguu ya buibui. Buibui ana miguu mi-na-ne.” Ncha ya sindano ikapanda kwenye picha. “Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.” Akaanza upya, upande mwingine, kama anayehesabu vifungo vya shati la mteja mkorofi. “Sita. Mwanangu, huyu miwili kaiacha wapi?”

“Haiwezekani, Mama. Wamepita watatu hapo.”

“Labda wamepita nayo.”

Dada Kengele akahesabu. Sita. Aliposogeza jicho aliona kilichotokea: Mama Pacha alikuwa amechora miguu minane mizuri kabisa, yenye manyoya. Mhariri akaagiza mistari miwili. Mistari ikaingia, kisanduku cha maneno kikanenepa, kikailalia miguu miwili ya upande wa chini. Mama Pacha aliulizwa mistari, akajibu mistari. Mhariri aliangalia mistari yake ipo, akaiona. Mwalimu aliangalia maneno, na maneno yalikuwa sahihi, hata nukta. Kila mmoja alikuwa ametazama sehemu yake kwa uaminifu mkubwa. Buibui mzima hakuwa wa mtu.

“Ningekuwa darasani hapo ningechapwa,” mama mkwe alisema. “Mwalimu angesema nane, mimi ningesema sita, ningechapwa na ukweli wangu. Na mimi niliishia darasa la nne hilohilo, ningemaliza vibaya zaidi.”

Dada Kengele akakaa. Njia zilikuwa mbili, na aliziona zote. Ya kwanza: amwandikie Mama Pacha mstari mmoja, “Rudisha miguu,” na basi. Jaribio linabaki limefaulu, orodha inabaki safi. Lakini kurasa nyingine kumi na saba zilikuwa zimepita kwa tiki zilezile. Ya pili: aseme mkutano wa Alhamisi ulikuwa na kazi. Na hapo Mkurugenzi atasema nini? Atasema, tazama, mratibu wa mikutano amegundua mikutano inahitajika. Ajabu gani! Ni kama kinyozi kukwambia nywele zimekua.

“Atadhani najitetea mkate wangu, Mama.”

“Si ndio mkate wako?”

“Ndiyo, lakini...”

“Buibui ana sita au nane?”

“Nane.”

“Basi nenda na nane. Mengine watayasema hata ukinyamaza.”

Dada Kengele akatuma mwaliko: Ijumaa, saa mbili asubuhi, kusoma kwa sauti sura yote ya mwisho. Nakala ikaenda kwa Mkurugenzi, kama mialiko yote. Mama Pacha alijibu kwa uso mmoja unaolia. Hakuwa na nguvu ya kutuma zaidi.

Ijumaa saa mbili kamili, ting.

Kwenye kioo alikuwepo mhariri, akiwa amechana nywele kama mtu aliyewakosa watu. Alikuwepo Mama Pacha na pacha mmoja mgongoni. Ilikuwepo feni. Na pembeni kulikuwa na kijisanduku cheusi kisicho na sura, kimeandikwa Mkurugenzi.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba binti. Goti leo limekubali. Darasa, mpo?”

“Tupo, Mwalimu.”

“Sijasikia wa nyuma.”

“Nipo, Mwalimu!” ilijibu sauti ya nyuma ya pazia, kwa bidii ya mtu aliyesubiri swali hilo miaka hamsini.

Mwalimu akasoma. Alisoma kama alivyosoma siku zote, bila kuruka hata namba ya ukurasa. Walipofika 103 akasema, “Watoto, tazameni picha. Hesabuni miguu ya buibui, kwa pamoja.”

“Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita...” Darasa likaishia hewani kama ngazi iliyokatika.

Feni ikazunguka.

“Jamani!” Mama Pacha akapiga ukelele. “Nilimchora minane! Naapa kwa hawa mapacha, minane!”

“Imelaliwa na mistari yangu,” mhariri alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. “Mimi nilitafuta mistari tu.”

“Na mimi maneno tu,” alisema Mwalimu. “Nilimpa buibui alama zote bila kumtazama.”

Wakacheka mpaka pacha wa mgongoni akaamka. Mama Pacha akarekebisha hapohapo, miguu ikarudi, wakahesabu nane kwa kelele. Wakaendelea. Ukurasa wa 109 kulikuwa na zoezi la kusikiliza sauti za wadudu, alilolitunga mhariri mwenyewe.

“Hatua ya kwanza,” alisoma Mwalimu. “Fumba macho yako. Usiyafumbue mpaka mwisho wa zoezi.”

Wakafumba.

“Hatua ya pili. Soma maelezo yafuatayo kwa makini.”

Mama Pacha akafumbua jicho moja.

“Mimi nimeshafumba,” alisema Mama wa Pazia. “Sasa nasoma kwa pua?”

Mhariri akajifunika uso kwa mikono miwili. “Mama, naomba unisamehe. Kwa ufupi, nilikuwa na usingizi.”

“Umesamehewa. Habari ya mbwa iliishaje?”

Ting ting.

Walipata na chupa tupu iliyojaa maji, ukurasa wa 112. Yote hayo yalikuwa yameandikwa vizuri, kwa nukta zake na herufi kubwa zake, na yalikuwa yamepita kwa tiki tatutatu. Saa nne na nusu walikuwa wamemaliza, na saa tano na robo kurasa kumi na nane zilikuwa njiani kwenda kiwandani. Kijisanduku cheusi hakikusema neno. Kilitoweka tu.

Saa nane mchana Dada Kengele alipeleka orodha yake. Aliichapa upya mara nne, na mara zote ikatoka ileile. Mikutano tisa ife, pamoja na wa funguo za choo, Mungu auweke pema. Miwili ibaki. Mmoja wa dakika ishirini, wa mambo ya kubishana, maana ubishi ukiandikwa hugeuka ugomvi. Mwingine wa Alhamisi. Chini akaongeza kwa maneno yake mwenyewe: “Huu niliuua mimi, na nilikosea. Nilidhani watu wanaingia kusema. Kumbe wanaingia kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Makosa yaliyopatikana nimeyaorodhesha hapo chini, la kwanza limepatikana na mama mkwe wangu. Najua kwa mikutano miwili huhitaji mratibu wa mikutano. Naomba nisiandike kinyume chake.”

Akabonyeza tuma, akaenda kupiga pasi. Alipiga pasi kitambaa cha mezani, akapiga mito, akatafuta kingine. Mama mkwe alimtazama akilikaribia pazia, akasema, “Hilo ukiligusa tutakosana.”

Saa tisa kasoro kompyuta ikatoa kijisauti. Dada Kengele akaikimbilia na pasi mkononi.

“Ni yeye?”

“Ni yeye. Kasema...” Macho yake yakaruka mistari. “Kasema kweli hahitaji mratibu wa mikutano. Kasema... ooh! Kasema anataka mratibu wa vitabu. Wa kufuata ukurasa kutoka mkono mmoja mpaka mwingine na kuuona mzima. Ndio mimi! Mama, mkataba mpya umeambatanishwa, nisaini leo!”

“Weka pasi chini kwanza, usije ukatuchoma na furaha.”

Akaiweka. Akaushika mkono wa mama mkwe, wakazunguka nusu duara, nafasi iliyokuwepo kati ya kabati na meza, wakacheka kama wasichana. Kisha Dada Kengele akafungua mkataba, tayari kusaini.

“Ehee,” alisema mama mkwe, akirudi kwenye kiti chake na kuvaa miwani. “Hapo hapo simama. Soma kwa sauti.”

“Mama, ni ukurasa mmoja tu, nimeshauona.”

“Hata buibui walimwona. Soma.”

Dada Kengele akasimama wima, akasoma kwa sauti ya Mwalimu, cheo, saa za kazi, likizo, na akafika penye tarehe. “Mkataba huu utaanza tarehe mosi ya mwezi ujao, na utaisha tarehe mosi ya mwezi ujao.”

Wakatazamana.

“Kibarua cha siku moja,” mama mkwe alisema. “Asubuhi unakaribishwa, jioni unaagwa. Sherehe moja, keki moja.”

Walicheka mpaka mama mkwe akashika mbavu na kuomba maji. Kisha swali likabaki mezani. Ampigie Mkurugenzi simu? Aombe kikao? Dada Kengele akalichukua daftari lake, lile la mstari katikati, akafikiri kidogo, akaandika upande wa kushoto. Halafu akaandika barua pepe ya mstari mmoja: “Mama, tarehe ya mwisho ni sawa na ya mwanzo, naomba mwaka uingie katikati.”

Jibu lilirudi kabla hajakaa. “Aibu yangu. Nimerekebisha. Mkataba ujao nitamletea Mama wa Pazia ausome kabla sijautuma.”

“Mwambie Alhamisi nina nafasi,” alisema mama mkwe. “Lakini nikae mbele ya pazia. Na kamera inione.”